Simu Tatu Kabla ya Mlipuko

Kila Jumatano asubuhi, kabla ya kuchota maji na kabla ya kuvaa sare ya shule, Tshiela alishuka mbio kutoka Avenue Mikuyu hadi ofisi ya mtaa kusoma karatasi. Karatasi hiyo ilibandikwa mlangoni na kampuni ya mgodi. Ilisema shimo litalipuliwa saa ngapi siku hiyo, ili watu wa Musonoi, mtaa wetu wa Kolwezi, watoke majumbani mwao waende uwanja wa mpira mpaka mawe na vumbi vitulie. Wiki moja ilikuwa saa tano, wiki nyingine saa saba, nyingine saa tisa. Nani angekumbuka? Gari la kipaza sauti lilipita, ndiyo, lakini lilipita kwenye lami tu. Dereva alisema mashimo ya Avenue Mikuyu yanamvunjia springi. Kwa hiyo watu wa huko juu walitangaziwa na mbwa wao.

Tshiela alikuwa na miaka kumi na mitatu, miguu myembamba na ulimi usiokubali kushindwa. Alikimbia kwa ajili ya bibi yake, ambaye wao, watu wa asili ya Kasai, walimwita Kaku. Kaku Kankolongo alikuwa na goti bovu. Mwendo ambao wengine waliumaliza kwa robo saa, yeye ulimchukua nusu saa nzima, tena kwa kusimama mara tatu na kuilaani kampuni mara nne. Mwaka uliopita habari ilimfikia kwa kuchelewa. Mlipuko ukamkuta kitandani, na lipu ya ukutani ikambomokea kifuani.

Kaku hakuumia siku hiyo. Alijikung'uta vumbi, akauliza, "Banataka kunizika mbele nikufe?"

Wote walicheka isipokuwa Tshiela. Yeye alikasirika, na hasira yake haikuwa ya kupoa jioni. Aliapa kutengeneza programu ya simu itakayopeleka saa ya mlipuko katika kila nyumba ya avenue yao. Hata jina alikuwa nalo tayari: Tutoke.

Mtu wa kwanza kumcheka alikuwa Tata Gaston Kabeya, mkuu wa mtaa, ambaye naye aliishi Avenue Mikuyu.

"Bintu ya application inatokaka kwa ba-ingénieur ya Kinshasa," alimwambia. "Weye uko mutoto wa Musonoi. Enda usome masomo yako."

"Kinshasa hakuna mine, tata," Tshiela alijibu, akionyesha upande wa mgodi. "Mi njo niko nayo ku mulango."

Tata Gaston alisema mtoto huyu ana kiburi. Huenda ni kweli. Lakini kwa kiburi hichohicho Tshiela aliingia klabu ya informatique, yaani ya kompyuta, ya shule yao, Institut Tuendelee, na huko alikutana na mtu mkaidi kumshinda yeye.

Mtu huyo aliitwa Madame Micheline. Alifundisha hesabu asubuhi, na klabu aliiongoza kwa kompyuta moja kuukuu iliyotumwa kutoka Kinshasa na mwanafunzi wa zamani. Umeme wa shule ulikuja ulipotaka, mara nyingi kati ya saa moja na saa nne asubuhi, halafu délestage, yaani mgao, ikauchukua. Kwa sababu hiyo Madame hakumruhusu mtu yeyote kufikiri kwa kutumia umeme. Kufikiri kulifanyika nyumbani, kwenye daftari, kwa kalamu. Umeme ukija, ni kuchapa na kujenga programu tu.

Mwanzoni Tshiela na mwenzake Mechack walibadilisha mambo kumi kwa mpigo, wakaibonyeza kompyuta ijenge programu, wakangoja dakika arobaini, na programu ikagoma. Kati ya mambo kumi, lipi limeharibika? Hawakujua. Umeme ukakatika wakiwa bado wanabishana.

"Mubadilishe kintu moya," Madame aliwaambia. "Mujenge. Muangalie. Muandike mu daftari nini imebadilika na nani amejaribu. Toleo ya zamani muichunge, siku ingine itawaokoa."

Walifanya hivyo, na kweli kazi ilikwenda upesi. Dakika arobaini zikawa sita, kwa maana kompyuta ilijenga sehemu iliyobadilika tu. Kufikia Pasaka walikuwa na toleo la sita. Nyumba zaidi ya mia moja zilikuwa nalo kwenye simu zao, na kila Jumatano Tshiela alichapa saa aliyoisoma mlangoni, ikaonekana kwenye simu zote.

Sheria moja tu ilimkera. Katika mkebe wa maziwa ya unga Madame aliweka simu tatu: moja yenye kioo kilichopasuka, moja ndogo isiyo na nafasi ya kuhifadhi hata picha mbili, na moja aliyoiazima kwa jirani. Hakuna toleo lililoruhusiwa kwenda kwa watu kabla halijafanya kazi kwenye zote tatu. Tena aliyeandika programu hakutakiwa kuzishika. Zilishikwa na mwenzake.

"Juu ya nini tupoteze saa nzima, Madame?" Tshiela aliuliza siku moja, akigusa kompyuta. "Mu ordinateur muko telefone ya kuigiza. Tunajaribu mule, dakika mbili, inaisha."

"Ile telefone inaishi mu ordinateur," Madame alijibu. "Haiishi Musonoi."

Usidhani Tshiela alikubali. Aliona sheria hiyo ni ya watu waoga.

Toleo la saba lilikuwa la kengele. Simu ingelia yenyewe nusu saa kabla ya mlipuko, ili hata mtu aliyelala, hata mtu asiyejua kusoma, aamke na kutoka. Tshiela alilipenda toleo hilo kuliko yote. Alilipenda mno hata akashindwa kutulia: Jumapili, baada ya ibada, alisimama mbele ya akina mama wa avenue akawaahidi kwamba Jumatano hiyo simu zao zitalia.

Jumatatu hakukuwa na umeme kutwa nzima. Jumanne ulikuja saa tatu ukasemekana utaondoka saa nne. Madame Micheline alikuwa amekwenda Fungurume kwenye matanga ya shangazi yake. Tshiela alichapa, akajenga, akaijaribu kengele kwenye simu ya kuigiza. Ikalia kwa wakati wake bila kukosea hata dakika.

"Na telefone ya mu mukebe?" Mechack aliuliza.

"Haina courant hata moya. Tukizichaji, saa ine itafika."

"Madame alisema..."

"Madame iko Fungurume! Mechack, niliahidi batu. Unataka banicheke kesho?"

Mechack aliangalia dirishani. Tshiela akalituma toleo la saba kwa watu wote. Kisha, kwa kuwa Madame angelikagua daftari, alifungua ukurasa wa siku hiyo, na mbele ya maneno "simu ya kwanza, simu ya pili, simu ya tatu" akaweka alama tatu za vema kwa mkono wake mwenyewe. Aliona haya kidogo. Halafu akajiambia kwamba kengele imelia, na kengele iliyolia imelia.

Jumatano karatasi ilisema 13:00, yaani saa saba mchana. Tshiela aliichapa hivyo hivyo, akaenda darasani. Masomo yalipokwisha hakupanda mlimani kumchukua Kaku kama kawaida. Kwa nini apande? Saa sita na nusu simu ya Kaku ingelia. Alikwenda moja kwa moja uwanja wa mpira, akasimama karibu na goli akingoja kuwaona watu wa Avenue Mikuyu wakishuka kwa msururu.

Watu wa karibu na lami walifika, wamelisikia gari la kipaza sauti. Wa sokoni nao walifika. Ilipotimu saa saba kasoro robo, hapakuwa na mtu hata mmoja wa Avenue Mikuyu. Tshiela aliangaza macho huku na huku. Alitupa mkoba wake chini akaanza kukimbia kupanda.

Huko juu moshi wa jikoni ulikuwa unafuka kila ua. Watoto walicheza barabarani. Kaku alikuwa amekaa kwenye kiti chake akichambua sombe, majani ya muhogo, simu ikiwa juu ya jiwe pembeni yake.

"Kaku, toka! Mine inapasuka sasa hivi!"

"Kengele haiyalia, mutoto yangu," Kaku alisema kwa utulivu. "Angalia."

Tshiela aliinama akaangalia. Kwenye kioo iliandikwa: mlipuko, 14:00.

Hakuwa na muda wa kuelewa. Alipaza sauti kama kichaa, "Batu bote batoke!" akamshika Kaku kwapani na kumwinua. Walikuwa hawajafika kwenye lango ardhi iliporuka. Kisha ikaja sauti, kisha mawe. Jiwe kubwa kama ngumi mbili lilitoboa bati la jiko la Tata Gaston, likapasua sufuria iliyokuwa motoni. Kaku aliteleza, akaangukia mkono wake wa kulia, na Tshiela akausikia mfupa ukilia.

Hakufa mtu. Wengi walisema ni Mungu tu, na sina sababu ya kuwabishia. Kaku alifungwa plasta kwenye kituo cha afya bila kutoa machozi. Tshiela ndiye aliyelia, nyuma ya jengo, akiwa amejiziba mdomo kwa ukosi wa sare yake. Alijiona muuaji. Bibi aliyetaka kumwokoa ndiye aliyemvunja.

Alhamisi asubuhi Madame Micheline alikuwa amerudi. Alizichaji simu za mkebe bila kuuliza neno, akaziwasha, akaziweka mezani mbele ya Tshiela na Mechack. Zote tatu zilionyesha 14:00. Simu ya kuigiza ndani ya kompyuta ilionyesha 13:00.

"Toleo ya zamani haikuwa na hii shida," Madame alisema. "Zamani saa ilienda kama maneno tu. Sasa, na kengele, ordinateur inahesabu saa ya kweli. Alors, iko inahesabu namna gani?"

Tshiela alifungua mahali pa saa kwenye ile kompyuta. Chini ya saa paliandikwa jina la mji: Kinshasa. Nchi yetu, msomaji, ni pana kiasi kwamba ina saa mbili. Kinshasa wakiwa saa sita, sisi wa Kolwezi, tunaofuata saa ya Lubumbashi, tumeshafika saa saba. Kompyuta ile ilikuja kutoka Kinshasa ikiwa nyuma kwa saa moja. Siku ya kwanza kabisa ya klabu jambo hilo lilimuudhi Tshiela, naye akalirekebisha upesi: aliisogeza saa mbele. Jina la mji hakuligusa. Basi kompyuta ilionyesha saa ya Kolwezi huku ikiamini bado iko Kinshasa. Alipochapa 13:00, ilielewa ni saa saba ya Kinshasa, na simu za Musonoi, zinazojua mahali zilipo, zikasoma saa nane.

Kosa la namna hiyo mtu wa Kinshasa asingelifanya, wala mtu wa Nairobi. Ni letu sisi. Na simu yoyote halisi, hata ile ya kioo kilichopasuka, ingelifichua kwa dakika tano.

Madame alifungua daftari kwenye toleo la saba. Aliziona alama tatu za vema.

"Nani alishika hizi telefone siku ya Jumanne?"

Mechack alijikuna shingo. "Madame, réseau ilikuwa mubaya sana ile siku. Pengine ni réseau njo ilichanganya saa. Batu banajua réseau ya hapa, batakubali."

Hapo ndipo Tshiela angeweza kuponyoka. Madame alikuwa anangoja. Hakuna aliyemwona akiweka zile alama ila Mechack, na Mechack alikuwa tayari ameshamtafutia mlango wa kutokea. Akikubali, hatafukuzwa klabu, na watu wataulaani mtandao wa simu, ambao ulikwisha kuzoea kulaaniwa. Lakini Jumatano ijayo mtu mwingine angesoma alama za vema zisizo na kitu nyuma yake, na mama fulani angekaa jikoni akiziamini.

"Hapana," alisema, na sauti yake ilitoka kali kuliko alivyokusudia. "Réseau haina na kosa. Hakuna mutu alishika zile telefone. Mi njo niliandika bongo, kintu yenye haikuwa kweli."

Madame hakumpigia kelele. Ingekuwa nafuu kama angempigia. Alifunga daftari akasema, "Nimesikia. Lakini mukono ya mi haikuvunjika. Jumamosi Tata Gaston ameita batu. Utaenda kuwaambia weye mwenyewe."

Jumamosi ua wa ofisi ya mtaa ulijaa mpaka barabarani. Tata Gaston alisimama kwenye kizingiti akiwa ameshika ile sufuria yake iliyopasuka, na kila alipotaja hasara aliiinua juu watu waione.

"Nilisema kazi ya ba-ingénieur haiko ya batoto!" alinguruma. "Leo ile Tutoke inafutwa. Kila mutu atoe telefone yake."

"Ifutwe!" watu waliitikia.

Tshiela alipanda kwenye ngazi. Ni kweli alitamani ardhi immeze. Lakini aliinua kidevu.

"Ba-tata na ba-mama, kosa iko ya mi," alisema. "Telefone yenu haina na kosa. Nilisogeza saa ya ordinateur, sikubadilisha muji, ikabakia na akili ya Kinshasa. Na niliandika mu daftari kama tulijaribu ku telefone tatu. Hatukujaribu hata moya. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Kaku yangu alivunjika mukono juu yangu. Ninaomba masamaa."

Mechack, aliyekuwa amejificha nyuma ya watu, alisogea akaja kusimama kando yake. "Niliona akiandika," alisema kwa sauti ndogo. "Na mi nilinyamaza."

"Vizuri," Tata Gaston alisema. "Umesema kweli. Sasa futa."

"Hapana, tata. Sitaifuta."

Umati ukanung'unika. Mama mmoja akapiga makofi ya mshangao.

"Eh! Mutoto huyu iko na kichwa ngumu!"

"Iko ngumu, mama," Tshiela alisema, na sasa alikuwa na hasira kwelikweli. "Nikiifuta, Jumatano ingine Kaku atajua saa namna gani? Ile motokari ya kipaza sauti itapanda kule juu? Tata Gaston, weye mwenyewe utapanda kila Jumatano, nyumba na nyumba? Kosa nimeipata na nimeitengeneza. Nipigeni, nifukuzeni klabu, lakini simuachi Kaku mu nyumba na mawe inaanguka. Toka leo, hakuna saa itatoka mbele tujaribu hapa, ku hii meza, macho yenu ikiangalia. Telefone tatu, za batu ba hapa. Mulete zenye kuwa mubaya kabisa."

Tata Gaston alifungua kinywa, lakini Kaku Kankolongo alikuwa ameshasimama. Alikuja polepole mpaka mbele, mkono wake mweupe wa plasta ukiwa umening'inia kwa kitenge.

"Mukono yenye kuvunjika iko ya mi, haiko yenu," alisema. "Kama kuna mutu wa kukasirika, ni mi, na nimekasirika, Tshiela atanichotea mayi mpaka nipone. Lakini huyu mutoto alisema bongo siku moya, na leo anasema kweli mbele ya batu bote. Ba-mukubwa ngapi hapa banaweza? Kampuni ilituvunjia lipu mara ngapi? Nani alikuya kusimama hapa kusema masamaa?"

Watu walitazamana, kisha wakaitazama ile sufuria, kisha wakaanza kucheka kidogo kidogo. Mwishowe Tata Gaston alikubali kwa shingo upande. Alitoa Jumatano mbili za majaribio. Simu ya kwanza ya mezani ilikuwa yake mwenyewe, iliyofungwa kwa mpira ili betri isidondoke.

Jumatano ya kwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, meza ilitolewa nje, na kompyuta ya klabu, iliyoletwa kutoka shuleni, ikaunganishwa na umeme wa ofisi. Tshiela alichapa, Mechack akazishika simu, na wazee watatu wakachungulia juu ya mabega yake. Zote zilionyesha saa sahihi, kengele ya majaribio ikalia kwenye zote, ndipo wakatuma. Mchana Avenue Mikuyu iliteremka yote uwanjani. Jumatano ya pili vivyo hivyo. Tata Gaston hakusema lolote kuhusu kufuta, naye Tshiela hakumkumbusha.

Halafu ikaja Jumamosi ambayo kampuni iliongeza mlipuko. Karatasi ilisema saa tisa alasiri, na saa hiyo ilikwisha kujaribiwa na kutumwa. Lakini saa tatu na dakika kumi asubuhi gari jeupe lilisimama mbele ya ofisi kwa breki kali. Akashuka Philippe, mtumishi wa kampuni anayeshughulika na wakazi, akiwa na kofia ya plastiki kichwani na redio mkononi.

"Ile mutoto wa Tutoke iko wapi? Saa imebadilika. Haiko tena saa tisa, ni saa tano. Tuma sasa hivi!"

Tshiela, aliyekuwa bado mezani na Mechack, alifungua kompyuta, akachapa 11:00, kisha akageuka. "Mechack, telefone."

"Telefone ya nini?" Philippe aliuliza.

"Tunajaribu kwanza, tata."

"Sikiliza, petite. Ba-ingénieur banangoja jibu yangu ku redio. Mashine yote imesimama. Tuma, halafu utajaribu nyuma."

"Bangoje," Tshiela alisema.

Philippe alimkodolea macho. Hakuzoea kuambiwa hivyo na mtu mwenye viatu vya kamba tofauti. Simu ya kwanza ikaonyesha 11:00. Ya pili 11:00. Ya tatu, simu ndogo ya mama muuza mkaa, ikabaki kwenye 15:00 bila kutikisika. Mechack aliizima, akaiwasha, ikabaki vilevile. Redio ya Philippe ikaanza kufoka.

"Mbili zinatosha!" alipiga kelele. "Tuma!"

"Kule juu kuko telefone ngapi sawa hii ya tatu?" Tshiela alimuuliza. "Unajua, tata? Mi sijui. Basi siwezi kutuma."

"Nani mukubwa wenu hapa?" Philippe alifoka akiangaza ofisini.

Tata Gaston alitoka ndani bila haraka, akiburuta kiti. Alikiweka kivulini, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Ikaa, tata," alisema. "Hapa kwetu tunajaribuka kwanza."

Philippe alikaa. Ilibidi akae. Tshiela na Mechack walifungua daftari, wakapitia mabadiliko moja moja, wakagundua kwamba simu yenye kumbukumbu iliyojaa huendelea kuonyesha saa ya zamani mpaka iambiwe kuifuta kwanza. Walibadilisha mstari mmoja. Wakajenga. Wakajaribu tena, na simu ya mama muuza mkaa ikaonyesha 11:00, ikalia kwa nguvu mpaka mwenyewe akaruka. Kazi yote ilichukua dakika ishirini na mbili. Kwa dakika ishirini na mbili, mgodi mzima wenye malori makubwa kama nyumba ulimngoja msichana wa miaka kumi na mitatu.

"Sasa ninatuma," Tshiela alisema.

Saa nne na nusu kengele zililia Avenue Mikuyu kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Watu walifunika sufuria, wakabeba watoto, wakashuka. Kaku alishuka mapema akiwa ameshikilia bega la Tshiela, akasimama mara tatu na kuilaani kampuni mara nne. Saa tano kamili ardhi iliruka. Mawe yaliyoanguka huko juu yaliangukia nyua zisizo na mtu.

Vumbi lilipokuwa likitulia, Madame Micheline, aliyekuwa amesikia yote kutoka kwa wazee, alikuja akasimama karibu na wanafunzi wake wawili.

"Mwezi ulipita ulikuwa mukaidi juu ya jina yako," alimwambia Tshiela, "na ulivunja mutu. Leo umekuwa mukaidi juu ya kweli, na kampuni nzima imekaa ku kiti. Ukaidi ni moja. Kabla ya kukataa, jiulize tu unamukatalia nani, na unamulinda nani. Na ile yenye haujajaribu, usiwaambie batu kama umejaribu. Maisha yao inakaa juu ya neno yako."

"Nimesikia, Madame," Tshiela alisema. Halafu, kwa kuwa alikuwa Tshiela, akaongeza, "Lakini dakika makumi mbili na mbili ni mingi. Wiki ingine nitaifanya kumi."

"Ku telefone ngapi?"

"Ine, Madame. Leo kosa ilikuwa ku ya tatu; ingine inaweza kuwa ku ya ine."